Usiku wa Lupita, mimi nilikuwa nikimngoja mwingine

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: ni mwigizaji gani kijana wa Marekani ambaye kazi yake imekugusa, na je, amepata anachostahili? Nililisoma nikiwa ndani ya feri ya Likoni, na kabla hatujagusa upande wa pili nilishajua nitamwandika nani. Ni Barkhad Abdi. Huenda jina lisikukae kichwani mara moja, lakini sura yake unaijua. Ndiye yule Msomali mwembamba, mashavu yameingia ndani, anayemwambia Tom Hanks, katika filamu ya Captain Phillips ya mwaka 2013, kwamba kuanzia sasa nahodha ni yeye.

Sehemu ya kwanza ya swali lenu inataka jibu refu. Ya pili nitaijibu kwa neno moja: hapana.

Nianze na alfajiri ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014. Huku kwetu wengi tuliamka gizani kwa ajili ya Lupita Nyong'o, maana kule Los Angeles ilikuwa bado Jumapili jioni na tuzo za Oscar zilikuwa zinaanza. Na mimi nilimwombea Lupita, na aliposhinda nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila tuzo ya kwanza kutolewa usiku ule ilikuwa ya mwigizaji msaidizi wa kiume, na hiyo ndiyo iliyonitoa kitandani. Walioshindania walikuwa watano: Bradley Cooper, Michael Fassbender, Jonah Hill, Jared Leto na huyu Barkhad Abdi, kijana wa miaka 28 aliyekuwa amecheza filamu moja tu maishani mwake. Likatajwa jina la Leto. Chai yangu ilikuwa haijapoa.

Majuma mawili nyuma, London, mambo yalikuwa yamekwenda kinyume. Kwenye BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, Abdi alishinda, Lupita akakosa. Los Angeles Lupita akashinda, Abdi akakosa. Watoto wawili wa upande huu wa Afrika walipishana mlangoni namna hiyo, na magazeti yetu yakamwandika mmoja tu. Simlaumu mtu. Lupita ni wetu na furaha ile ilikuwa haki yetu. Lakini hata yule mwingine alikuwa na uhusiano na Mombasa, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mwaka 2009 kaka yangu alikuwa baharia wa meli ya mizigo iliyopita Ghuba ya Aden kuja Kilindini. Nyumba zenye mabaharia zinaijua miaka ile. Mama hakuwa akilala redio ikiwa imezimwa. Simu ikilia usiku tulikuwa tunatazamana kwanza kabla ya mtu kuinyanyua. Kaka akirudi likizo alitusimulia walivyozungushia meli seng'enge na kufungua mipira ya maji pembeni usiku kucha ili mashua za maharamia zisiweze kusogea. Alisimulia kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akila, na sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimkosesha mama usingizi.

Tarehe 8 Aprili mwaka huo, vijana wanne wa Kisomali waliiteka Maersk Alabama, meli ya Kimarekani yenye mabaharia 20, ikiwa njiani kuja hapa kwetu Mombasa. Pamoja na mizigo mingine ilikuwa na maelfu ya tani za chakula cha msaada. Mabaharia walipambana, na maharamia wakaishia kuondoka na nahodha, Richard Phillips, ndani ya mashua ya uokozi. Meli ikafika Kilindini Jumamosi ya tarehe 11 bila nahodha wake, waandishi wa habari wamejaa bandarini. Kesho yake, Jumapili ya Pasaka, walenga shabaha wa jeshi la wanamaji la Marekani wakawaua watatu kati ya wale wanne. Aliyesalia, Abduwali Muse, alikuwa kwenye manowari USS Bainbridge wakati huo. Alipelekwa New York, na Februari 2011 akahukumiwa kifungo cha miaka 33 na miezi 9.

Habari ya wale watatu ilipotangazwa, nilifurahi. Naandika hivyo waziwazi. Nilisema Alhamdulillahi, na mama akasema Amin. Nilipopanda matatu kwenda Mtwapa na kupita Shimo la Tewa, ambako mwaka 2010 palifunguliwa chumba maalumu cha mahakama kwa kesi za maharamia, nilikuwa natazama ule ukuta na moyoni sina hata chembe ya huruma. Kwangu haramia hakuwa na uso. Alikuwa ni ile simu ya usiku.

Sasa mtazameni kijana aliyekuja kunipa ule uso.

Barkhad Abdi alizaliwa Mogadishu tarehe 10 Aprili 1985. Vita vilipovunja nchi yao alikuwa mtoto mdogo, na familia ikakimbilia Yemen, akalelewa huko. Mwaka 1999, akiwa na miaka 14, wakahamia Minneapolis, jimbo la Minnesota, mahali ambapo baridi yake Mogadishu haijawahi kuiota. Minnesota ndiyo yenye Wasomali wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na mtaa wao maarufu, Cedar-Riverside, watu wanauita Mogadishu Ndogo: maghorofa marefu ya zamani, misikiti, maduka ya nguo na simu, wazee kwenye vikombe vya chai. Abdi alifanya kazi anazofanya kijana yeyote wa wahamiaji. Aliendesha magari ya kukodi ya kifahari, akauza simu dukani kwa kaka yake, akapiga muziki kwenye sherehe, akarekodi video za wanamuziki wa Kisomali. Shule ya uigizaji hakuiona.

Kisha likatoka tangazo kwamba wanatafutwa Wasomali wa kuigiza kwenye filamu ya Tom Hanks kuhusu utekaji ule wa Maersk Alabama. Usaili ulifanyika kwenye kituo cha jamii cha mtaa uleule, Brian Coyle, na watu zaidi ya 700 wakajitokeza. Abdi alikwenda na rafiki zake. Walioteuliwa kuwa maharamia wakawa wanne, wote wa palepale Minneapolis: yeye, Faysal Ahmed, Barkhad Abdirahman na Mahat M. Ali.

Msomaji, tafadhali simama hapa kidogo. Watu 700 ukumbini, na kati yao anapatikana mmoja anayeweza kusimama mbele ya Tom Hanks bila kumezwa. Halafu baadaye watu wanasema ni bahati. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa chama cha drama shuleni. Kila mwaka nachuja watoto kwa ajili ya tamasha la drama la shule. Nikipata watoto arobaini, wenye sauti ni kumi, wenye ujasiri ni watano, na anayejua kusikiliza akiwa jukwaani ni mmoja, kuna miaka hata huyo mmoja hayupo. Kukariri maneno kunafundishika. Kumsikiliza mwenzako ukiwa mbele ya watu, ukamwacha akubadilishe sura, hilo mtu huja nalo au hulikosa.

Mafunzo yao hayakuwa mchezo. Walifundishwa kuogelea, kuendesha zile mashua ndogo za kasi, kushika silaha, kupanda ngazi kwenye ubavu wa meli inayotembea. Filamu ilipigwa kwa sehemu kubwa baharini karibu na Malta, ndani ya meli ya kweli, ndugu wa ile iliyotekwa. Mwongozaji, Paul Greengrass, Mwingereza aliyeanzia kwenye uandishi wa habari, aliamua kitu kimoja ambacho nimekiiba na kukitumia shuleni. Aliwazuia wale vijana wanne wasikutane na Tom Hanks hata kwa salamu. Walikutana kwa mara ya kwanza kamera zikiwa zinazunguka, siku ile walipovunja mlango na kuingia kwenye chumba cha usukani. Hofu unayoiona kwa mabaharia, na mihemko unayoiona kwa vijana, ilikuwa bado mbichi.

Na ndani ya mihemko ile Abdi akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye muswada. Aliyatunga palepale. Ananyoosha vidole viwili kutoka machoni pake hadi machoni pa Hanks: nitazame. Hanks anaitikia. Anarudia: nitazame. Kisha: mimi ndiye nahodha sasa.

Nimeuonyesha mkasa huu kwa wanafunzi wangu mara nyingi mno, na kila mara nawauliza: kwa nini hapigi kelele? Wenzake wamekwisha kupiga kelele. Bunduki anayo. Mwigizaji mchanga angepasua koo hapo, maana ndiyo picha ya adui tuliyokua nayo tangu enzi za vibanda vya video: adui hufoka, steringi hunyamaza. Abdi anaigeuza. Anashusha sauti. Mtu mwembamba namna ile, ambaye upepo wa bahari ungeweza kumwangusha, anamwambia mzungu mwenye meli nzima kwamba mpangilio wa dunia umebadilika, na anamwambia taratibu kwa sababu anataka naye ayaamini maneno hayo. Ukimtazama vizuri utaona kwamba haamini bado. Anajishawishi. Ndiyo maana anarudia "nitazame". Katika maisha yake yote, yule anayemwigiza hakuna aliyewahi kumtazama.

Lile tamko likasambaa dunia nzima, likawa la mizaha kwenye simu na fulana. Wengi wanaolitumia hawajui kwamba hakuna mwandishi aliyelilipiwa. Lilitoka kinywani mwa dereva wa Minneapolis aliyekuwa wiki zake za kwanza kazini.

Lakini kipande kinachoniumiza mimi ni kingine, kile cha mwisho. Katikati ya filamu, Muse, ambaye Abdi ndiye anayemwigiza, ametamba kwamba ataenda Amerika, New York, anunue gari. Anamwita nahodha "Irish" na wanabishana: nahodha anauliza kama kweli hakuna kazi nyingine isipokuwa uvuvi na utekaji, naye anajibu kwamba labda Amerika, labda huko. Baadaye, akiwa ametenganishwa na wenzake kwa ahadi ya mazungumzo, anaambiwa wote watatu wamekufa, na kwamba yeye anapelekwa Amerika kushtakiwa. Hapo Abdi hafanyi kitu. Halii, hapigi ukuta. Macho yanabaki pale pale na uso unazeeka. Amerika aliyoitaka ameipata. Nikikumbuka kwamba anayeigiza ni mtu aliyetoka Somalia hiyohiyo akashuka Marekani akiwa na miaka 14, na pingu hakuvikwa, napata baridi mgongoni kila mara. Alikuwa anamwigiza kijana wa nchi yake ambaye ndege ya wakimbizi haikumpitia.

Kuna wanaosema, na nimewasikia hata kwenye chumba cha walimu, kwamba Abdi hakuigiza: alikuwa ni Msomali akawa Msomali mbele ya kamera. Neno hili linanichoma. Mtu aliyeiacha nchi yake mtoto, ambaye hadi anaitwa kazini alikuwa hajui kuogelea, aliyeuza simu na kuendesha magari kwenye theluji, amejifunza wapi kuwa haramia? Alitumia kumbukumbu za vita alivyoviona utotoni, ndiyo. Kila mwigizaji anachimba kwake. Wengine wakichimba tunasema wana kipaji. Yeye tukasema ni hivyo alivyo.

Nina sababu ya kulishika neno hili. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi, binti aliyezaliwa Garissa, lafudhi yake ya Kisomali haijifichi. Nilimpa nafasi ya mama aliyefiwa, akaibeba mpaka ukumbi ukawa kimya. Baada ya onyesho mwamuzi mmoja aliandika kwamba binti yule "haigizi, anaongea tu kama kwao". Alama zikaenda na hiyo sentensi. Yule binti alikuwa hajawahi kufiwa na mtoto. Alikuwa na miaka 16. Mchezo mzima aliujenga kwa kumtazama bibi yake akikunja nguo. Nilimwonyesha filamu ya Abdi wiki ile ile, na sikumwambia kitu. Alitazama hadi majina yakaisha.

Turudi kwenye haki. Filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Ikateuliwa kwa tuzo sita za Oscar, ikiwemo ya filamu bora; Hanks mwenyewe hakuteuliwa, Abdi ndiye aliyebeba jina la waigizaji wake. Iliripotiwa wakati ule kwamba kwa kazi yote alilipwa dola 65,000. Pesa hizo kwa mtu wa Likoni ni nyingi, sikatai. Lakini zilipatikana miaka miwili kabla ya msimu wa tuzo, na kodi na maisha ya Marekani havingoji. Iliripotiwa pia kwamba baada ya kupiga filamu alirudi kuuza simu dukani kwa kaka yake, na kwamba msimu wa tuzo alivaa suti za kuazima, akipewa posho ya siku alizokuwa kwenye matangazo ya filamu. Usiku anapigwa picha na matajiri wa Hollywood, asubuhi suti inarudishwa kwa mwenyewe.

Swali lenu linasema "anachostahili". Mimi sikutegemea wamjengee jumba. Nilitegemea simu zilie. Mwigizaji mgeni wa rangi nyingine akiteuliwa kwa filamu ya kwanza, hukawii kumwona akipewa hadithi yake mwenyewe, akiwa daktari, akiwa baba, akiwa mpenzi wa mtu. Abdi alipata kazi, na nyingine nzuri: mlinzi wa usiku anayepigwa na kuvuliwa sare katika Good Time ya 2017, na mwaka huohuo mchuuzi mjanja katika Blade Runner 2049. Dakika chache, halafu kamera inaondoka. Kila mara nilibaki nikitaka kumfuata yeye kule anakokwenda na kuwaacha hao wengine.

Mara moja tu, kwa maoni yangu, walimpa nafasi iliyomfaa, na cha ajabu hadithi yake inatokea Nairobi. Filamu ni Eye in the Sky ya mwaka 2015, ambayo Helen Mirren na marehemu Alan Rickman wanacheza wakubwa wa Uingereza wanaobishana kama ndege isiyo na rubani ipige nyumba yenye magaidi, huku mtoto wa kike akiuza mikate nje ya ukuta. Ilipigwa Afrika Kusini, na mtu wa Nairobi atagundua mara moja kwamba zile barabara si za kwao. Lakini mtazame Abdi. Safari hii yuko upande wa serikali: jasusi anayejifanya muuza ndoo, ameshikilia simu inayoongoza kamera ndogo mfano wa mdudu. Wakubwa wote wako mbali, kwenye vyumba vyenye viyoyozi. Yeye peke yake yuko vumbini karibu na yule mtoto. Na anachojaribu kufanya ni jambo la kila mmoja wetu: kununua mikate yote, ili mtoto amalize biashara aende nyumbani. Noti mkononi, jasho, macho yanapepesa kwenye paa kisha kwa mtoto. Ndani ya filamu ya mabomu na sheria za vita, mkate ndio uliniliza, na Abdi ndiye aliyekuwa anaununua.

Kwa hiyo alipopewa nafasi ya mtu mwema aliweza. Aliweza kama alivyoweza ile ya mtu mbaya. Hollywood imeona yote mawili na bado haijampa filamu yenye jina lake juu. Hilo ndilo "hapana" langu.

Niliahidi kusema kwa nini ni yeye, na sijamaliza, maana yamebaki ya nyumbani. Kaka yangu aliacha bahari mwaka 2012. Filamu ile hakutaka kuiona kwa muda mrefu. Alisema mabaharia wengine wa meli ile wamelalamika kwamba imempamba nahodha kupita kiasi, na yeye angesimama na mabaharia. Siku moja ya Idd, tumeshakula, nikaiweka bila kumuuliza. Alitazama amekunja mikono. Vijana walipoanza kupanda ngazi kwenye ubavu wa meli, akasema, "Huyu wa mbele anaogopa maji." Nikamwambia ni kweli, alijifunza kuogelea kwa ajili ya kazi hii. Akatikisa kichwa. "Na wale pia walikuwa wakiogopa, dada. Tuliwaona kwa darubini."

Hakuwahi kutuambia kwamba aliwaona.

Ilipofika pale Muse anapoambiwa wenzake wamekufa, kaka alinyoosha mkono akaomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, mama yuleyule aliyeitikia Amin mwaka 2009. Alimtazama yule kijana kwenye kioo, uso umefungwa, pingu mikononi, akauliza, "Na huyu ni mwana wa nani?"

Nikamtajia jina lake la kweli, na alikozaliwa, na kwamba yuko hai, yuko Marekani. Akalirudia jina polepole apate kulishika, kisha akaweka sinia chini, akakaa nasi.